Kiti Chetu, Funguo Zao: Kisa cha Uchaguzi wa Meya wa Kampala, 2011 hadi 2016

Wino wa uchaguzi hautoki kwa sabuni wala kwa ndimu. Mwaka 2011 ukucha wangu ulipakwa wino huo mara tatu ndani ya siku 25. Mara ya kwanza ilikuwa tarehe 18 Februari, siku ya kumchagua Rais na wabunge. Mara ya pili tarehe 23 Februari, siku ya meya wa jiji. Mara ya tatu tarehe 14 Machi, tena kwa kiti kilekile cha meya, kwa sababu ile kura ya pili ilifutwa kabla jua halijatua. Nimezaliwa Kampala, katika nyumba ya Waswahili wa mjini, na tangu mwezi ule nimekuwa nikiulizwa na ndugu zangu wa Mombasa na Dar es Salaam swali lilelile: huyo meya wenu ana kazi gani hasa? Mbona kila siku tunamwona amezingirwa na polisi? Swali hilo ndilo limenifanya niandike uchambuzi huu. Jibu linaanzia kituoni, kwenye beseni.

Kwa asiyejua, kituo cha kupigia kura huku kwetu mara nyingi ni uwanja tu: kamba imevutwa, meza chache, mawakala wamekaa kwenye viti vya plastiki. Juu ya meza moja huwekwa beseni la plastiki, la kawaida kabisa, kama lile la kufulia. Unachukua karatasi yako, unainama, unaweka alama ndani ya beseni ili jirani asione, unakunja, unatumbukiza. Jioni kura huhesabiwa palepale. Msimamizi anainua karatasi moja moja juu, anasoma jina kwa sauti, na watu wote waliozunguka kamba wanahesabu pamoja naye. Mimi naupenda utaratibu huo. Hauna mapazia. Mtu akiiba, anaiba mbele ya macho.

Na tarehe 23 Februari macho yaliona. Nilipiga kura mapema, nikasimama pembeni na jirani zangu tukisikiliza redio. Kabla ya adhuhuri habari zikaanza kuingia kutoka vituo vingine: masanduku yamefika yakiwa tayari na kura ndani, karatasi zimekwisha wekewa alama. Watu walimwaga masanduku barabarani ili kila mtu ajionee. Waandishi wa habari walipigwa. Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi wa wakati huo, Badru Kiggundu, akasimamisha uchaguzi wa meya katika Kampala nzima. Kwetu mstari ulikuwa bado mrefu. Watu hawakuondoka mara moja, walisimama tu wakitazamana, wengine na kadi zao mkononi.

Uliporudiwa tarehe 14 Machi, Erias Lukwago alishinda kwa mbali. Alikuwa wakili, mbunge wa Kampala ya Kati tangu 2006, mtu wa chama cha upinzani cha DP. Alipata zaidi ya kura 200,000 na kumwacha nyuma Peter Sematimba wa chama tawala cha NRM. Usiku ule mjini palikuwa na vuvuzela na honi za bodaboda. Tulijua tumeshinda, kwa sababu tulinyang'anywa kura yetu tukarudi kuichukua.

Lakini kati ya kura ile iliyofutwa na kura iliyorudiwa, kulitokea jambo ambalo wengi wetu hatukulitilia maanani. Tarehe 1 Machi 2011 Sheria ya Jiji Kuu la Kampala, iliyopitishwa mwaka 2010, ilianza kutumika. Halmashauri ya zamani ya jiji, KCC, ikafa. Ikazaliwa Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala, KCCA. Kwa hiyo tarehe 23 Februari tulipiga kura sheria mpya ikiwa bado haijaanza kufanya kazi, na tarehe 14 Machi tulipiga kura ndani yake. Mgombea alikuwa yuleyule na beseni lilelile. Kazi tuliyokuwa tunampa ilikuwa imebadilika.

Sheria ilisema nini

Niseme haki kwanza. KCC ilikuwa imeoza. Mitaro ilijaa, barabara zilikuwa mashimo matupu, viwanja vya umma viligawanywa gizani, na mapato ya masoko na stendi za takisi yaliishia mifukoni mwa watu. Aliyedai wakati ule kwamba jiji lingeweza kuendelea hivyo alikuwa anajidanganya. Serikali kuu ilikuwa na hoja, na tangu marekebisho ya Katiba ya 2005 ilikuwa na msingi wa kisheria pia: Katiba ilitamka kwamba Kampala itasimamiwa na serikali kuu.

Tatizo ni jinsi hoja hiyo ilivyotiwa kwenye maandishi. Zamani meya aliongoza kamati tendaji ya madiwani, na karani wa jiji alikuwa mtumishi aliyetekeleza walichoamua. Sheria mpya ilimwacha meya, ikampa jina kubwa zaidi, Lodi Meya kama tunavyomwita mtaani, na ikasema achaguliwe na wapiga kura wote wa jiji moja kwa moja. Kisha ikamweka pembeni yake Mkurugenzi Mtendaji anayeteuliwa na Rais. Mkurugenzi huyo ndiye mkuu wa watumishi wote na ndiye afisa masuuli, yaani anayeweka saini na kujibu kwa kila shilingi. Juu yao wote akawekwa waziri wa Kampala, mwenye uwezo wa kubatilisha maamuzi ya baraza.

Meya alibaki na nini? Kuongoza vikao vya baraza, kupokea wageni, kusimamia mwelekeo wa jiji kwa maneno ya jumla. Baraza lenyewe lilibaki na mambo yasiyo madogo: kupitisha bajeti, kutunga sheria ndogo, kupanga viwango vya tozo. Ndani yake walikaa makansala, yaani madiwani, waliochaguliwa kutoka divisheni tano za jiji, Kati, Kawempe, Makindye, Nakawa na Lubaga, pamoja na wawakilishi wa makundi kama vijana na watu wenye ulemavu. Walikaa pia wawakilishi wanne wa vyama vya taaluma: wahandisi, wasanifu majengo, madaktari na wanasheria.

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Hapa zizi lilijengwa makusudi kwa mafahali wawili, na mlango ukawa mmoja.

Mkurugenzi na meya

Aprili 2011 Rais Museveni alimteua Jennifer Musisi kuwa Mkurugenzi Mtendaji wa kwanza. Alitoka Mamlaka ya Mapato, mwanasheria, mchapakazi, asiyeogopa mtu. Alichokifanya kilionekana kwa macho. Mapato ya jiji yenyewe yaliongezeka zaidi ya maradufu, watumishi hewa wakaondolewa, barabara zikawekwa lami, taa zikawaka sehemu ambazo tulizoea kupita kwa kukimbia. Nafahamu watu waliompinga kisiasa ambao mpaka leo wanakiri kwamba mtaa wao ulipata lami wakati wake.

Nafahamu pia upande wa pili, kwa sababu nilikuwa nanunua ndizi kwa mama mmoja aliyekaa pembezoni mwa njia, karibu na Kisenyi. Nilimzoea, nilimwita mama naye akiniita mwanangu. Siku moja nilikuta mahali pake patupu, na siku ya tatu nikamkuta amesimama bila karai lake. Askari wa jiji walikuwa wamelichukua pamoja na ndizi, wakamwambia aende sokoni akakodi kibanda. Kodi ya kibanda ilizidi faida yake. Akaniuliza, "Mwanangu, nimempigia kura meya. Mbona anawaacha wanifanyie hivi?"

Nilimjibu kwamba askari wale hawapokei amri kwa meya. Hakunielewa, na sikumlaumu. Kwake jiji lilikuwa na mwenyewe mmoja, yule aliyekwenda kumchagua mara mbili. Nilipomwambia kwamba mwenye askari ni mkurugenzi, aliuliza, "Huyo tulimchagua lini?"

Swali la mama yule ndilo kiini cha kisa chote. Lukwago alikuwa na kura zaidi ya 200,000 mfukoni na hakuwa na askari hata mmoja, wala kalamu ya hundi. Musisi alikuwa na askari, hundi na wahandisi, lakini hakuwa na kura hata moja. Kila mmoja aliamini kwa dhati kwamba ndiye mwenye jiji, na kila mmoja alikuwa na ukurasa wa sheria wa kuonyesha. Wakagombana juu ya kila kitu: nani aitishe kikao, nani apange ajenda, nani azungumze na wafanyabiashara, hata nani awe na ofisi ipi. Lukwago naye hakuwa mtu wa kunyamaza. Tangu maandamano ya Kutembea kwa Miguu Kwenda Kazini yaliyoanza Aprili 2011, alikuwa barabarani na upinzani karibu kila walipotoka, na polisi walikuwa mlangoni kwake.

Nadhani hapo alikosea hesabu. Baraza ndiyo silaha pekee aliyopewa na sheria. Ilimpasa alilee kama mtu anavyolea jiko la mkaa siku ya mvua. Aliliacha likapoa, na makansala wakaanza kumkimbia mmoja baada ya mwingine. Hata naibu wake, Sulaiman Kidandala, aliyemteua mwenyewe, akahamia upande wa pili.

Tarehe 25 Novemba 2013

Sheria inaruhusu meya kuondolewa. Theluthi moja ya makansala wanawasilisha malalamiko kwa waziri, waziri anaunda jopo linaloongozwa na jaji wa Mahakama Kuu, jopo likiona kuna kesi ya kujibu, baraza linapiga kura, na theluthi mbili wakikubali, meya anaondoka. Mwaka 2013 makansala 17 walifungua njia hiyo. Waziri wa Kampala alikuwa Frank Tumwebaze. Jopo likaongozwa na Jaji Catherine Bamugemereire, na mwezi Novemba likatoa taarifa kwamba meya ana makosa ya kujibu: mwenendo mbaya, matumizi mabaya ya madaraka, kushindwa kazi. Miongoni mwa aliyoshitakiwa ni kutoitisha vikao vya baraza.

Siku ya kura, Ukumbi wa Jiji ulizungukwa na polisi tangu asubuhi. Mawakili wa Lukwago walikuwa wamekimbilia Mahakama Kuu, wakapata amri ya muda ya kuzuia kikao. Wakili aliyebeba karatasi ile alifika ukumbini, akapigwa, na kikao kikaendelea. Waziri mwenyewe ndiye aliyekiongoza. Kura 29 zikasema meya aondoke, 3 zikasema abaki.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapopita haraka. Waliotetea kura ile walisema: makansala nao wamechaguliwa, theluthi mbili imepita kwa wingi, sheria imefuatwa. Hoja hiyo ina uzito. Kansala ana wapiga kura wake, na baraza likimchoka meya lina haki ya kumwondoa. Lakini amri ya mahakama haipimwi kwa idadi ya mikono iliyoinuliwa ukumbini. Karatasi ilifika mlangoni, na aliyeibeba akashushiwa fimbo. Kuanzia dakika ile kura 29 zingeweza kuwa 35 bila kubadilisha chochote, kwa kuwa kikao chenyewe kilikuwa kimezuiwa.

Machi 2014 Jaji Lydia Mugambe wa Mahakama Kuu aliamuru Lukwago arudishwe ofisini. Wafuasi wake walishangilia siku chache tu. Alipojaribu kwenda ofisini polisi walimzuia njiani, na Mahakama ya Rufaa ikasimamisha amri ile. Tume ya Uchaguzi ilikuwa imeanza kuzungumzia uchaguzi mdogo, ila haukufanyika. Kesi zikapanda na kushuka ngazi za mahakama mpaka muda wa miaka mitano ukaisha. Naibu alikaimu. Jiji la watu milioni moja na nusu, kwa hesabu ya sensa ya 2014, likaishi zaidi ya miaka miwili bila meya waliyemchagua kuwa kazini.

Jambo moja liliniuma kuliko yote: lami iliendelea kuwekwa, takataka ziliendelea kuzolewa au kutozolewa, tozo ziliendelea kukusanywa, vilevile kama jana. Kama kiti cha meya kinaweza kuwa kitupu miaka miwili na mtaa usione tofauti, basi tulichopigania kwenye beseni mara mbili kilikuwa nini?

Wapiga kura walijibu

Februari 2016 wapiga kura wa Kampala walitoa jibu lao. Tarehe 18 walimpigia mgombea wa upinzani, Kizza Besigye, zaidi ya kura 330,000 za urais ndani ya jiji. Tarehe 24, siku sita baadaye, wakamrudisha Lukwago kwenye kiti alichoondolewa, kwa kura zaidi ya 170,000, akimzidi mgombea wa NRM, mwanamuziki Daniel Kazibwe, zaidi ya mara tatu.

Wachambuzi wengi waliishia hapo: ushindi wa kishindo. Ni kweli. Lakini ziweke namba hizo mbili pamoja. Mpinzani wa urais alipata karibu mara mbili ya kura alizopata meya mpinzani katika jiji lilelile, ndani ya wiki moja, na meya huyo hakuwa na mshindani wa kumtisha. Maelfu kwa maelfu ya watu waliosimama juani tarehe 18 hawakurudi tarehe 24. Wapo watakaosema ni uchovu, au hasira ya matokeo ya urais. Mimi nasema wengi walikuwa wameelewa. Miaka mitano ilikuwa imewafundisha kwamba meya ni sauti, na mtu anaweza kuipenda sauti bila kuacha kazi siku nzima kwa ajili yake. Waliorudi, walirudi kwa sababu sauti ile ilikuwa imefungwa mdomo mbele yao.

Serikali nayo ilisoma matokeo kwa namna yake. Rais aliulaumu hadharani uongozi wa KCCA kwa NRM kushindwa Kampala: umewabughudhi wachuuzi na watu wa chini. Ndipo ikaonekana kwamba hata mkurugenzi asiyepigiwa kura hakuwa nje ya uchaguzi. Mama wa ndizi hakuweza kumwondoa Musisi, lakini kwa kumpigia mtu mwingine aliweza kumfanya aliyemteua akereke. Musisi alitangaza kujiuzulu Oktoba 2018 na kuondoka Desemba.

Mwaka 2021 Lukwago alishinda tena, safari hii kwa tiketi ya chama cha upinzani cha FDC, wakati chama kipya cha upinzani cha NUP kilichukua umeya wa divisheni nne kati ya tano. Sheria nayo ilikuwa imerekebishwa kabla ya hapo: baraza likapata spika wake, na meya hakuwa tena mwenyekiti wa vikao. Lile jiko la mkaa nalo likahamishiwa mikononi mwa mwingine.

Ukitaka kuona nani anawajibika kwa nani, tazama jalala la Kiteezi. Tarehe 10 Agosti 2024 mlima wa takataka za Kampala uliporomoka juu ya nyumba za watu. Zaidi ya watu 30 walikufa. Jalala lile lilianza kutumika mwaka 1996, na kwa miaka mingi kila aliyepita njia ile aliona jinsi lilivyojaa. Mwezi uliofuata Rais aliwafukuza kazi Mkurugenzi Mtendaji Dorothy Kisaka, naibu wake, na mkurugenzi wa afya. Baraza la jiji halikuwa na kauli. Waliochaguliwa walibaki kulia na wafiwa, na waliofiwa hawakuwa na mtu wa kumnyima kura kwa kosa lile.

Nimalizie na mtaro wetu. Nyuma ya nyumba tunayoishi kuna mtaro ambao mvua ikinyesha unarudisha maji jikoni. Tuliandika barua. Ofisi moja ilitupeleka kwa kansala, kansala akatupeleka kwa mhandisi, mhandisi akasema hakuna fungu, na mwenye fungu hatukumwona. Hivyo kwa misimu kadhaa. Wakati wa kampeni za 2021, zile za barakoa na mikusanyiko midogo, mgombea mmoja wa ukansala alipita nyumba kwa nyumba. Alianza kutuahidi lami na hospitali. Shangazi yangu, mwenye miaka zaidi ya sabini, alimwachia amalize, akamkaribisha kiti, kisha akamuuliza kwa upole: "Baba, bajeti ya divisheni inajadiliwa mwezi gani, na utatuita tuje tusikilize ukisimama kuutaja huu mtaro?"

Kijana yule alinyamaza. Akatoa simu, akampigia mtu, akauliza. Alipokata, alimtajia shangazi mwezi. Shangazi akaniita nilete kalamu, akauandika kwenye kalenda iliyoning'inia nyuma ya mlango.